Maneno ya kwanza ya Kichina kwa mtoto mdogo

Mtoto anayekulia Beijing akitimiza mwaka mmoja huwa ameshapata maneno machache, na mengi kati ya hayo ni ya kuwaita watu: māma, bàba, yéye ambaye ni babu mzaa baba, nǎinai ambaye ni bibi mzaa baba. Mwaka 2008 mtaalamu wa makuzi ya watoto Twila Tardif na wenzake walilinganisha maneno kumi ya mwanzo ya watoto wa Marekani, Beijing na Hong Kong. Mama na baba walikuwamo kote, lakini kwa watoto wa China majina ya watu ndiyo yaliyotawala zaidi.

Sababu haiko mbali. Katika nyumba ya Kichina mtoto hufundishwa kuamkia kabla hata hajajua kuzungumza. Mgeni akiingia, mama humwinua mtoto na kumwambia jiào, yaani mwite: mwite shūshu, yaani baba mdogo, mwite āyí, yaani mama mdogo. Anayebaki kimya hukumbushwa tena na tena, kama mtoto wa Pwani anavyokumbushwa shikamoo. Kwa hiyo somo la kwanza la Kichina, kwa wenyewe, ni somo la adabu, na anayetaka kumfundisha mtoto wa mahali pengine atafanya vizuri akianzia hapohapo, badala ya kuanza na rangi au matunda kama vitabu vingi vya picha vinavyofanya.

Mtoto wa Mswahili anaingia kwenye somo hilo akiwa na mtaji. Kichina hakimruhusu mtu kusema ndugu yangu wa kiume bila kuonyesha ni mkubwa au mdogo: gēge ni kaka mkubwa, dìdi ni mdogo wa kiume, jiějie ni dada mkubwa, mèimei ni mdogo wa kike. Kaka mkubwa wa baba ni bóbo, mdogo wake baba ni shūshu, ndugu wa kiume wa mama ni jiùjiu, dada wa baba ni gūgu. Anayejua tofauti ya baba mkubwa, baba mdogo, mjomba na shangazi tayari ana ramani yote hii kichwani, na kilichobaki ni kubandika sauti mpya juu ya watu anaowajua. Mtoto wa Kiingereza, ambaye kwake wote hao ni neno moja au mawili, ana kazi kubwa zaidi.

Ugumu unaanzia kwenye sauti zenyewe. Kichina kinachofundishwa shuleni, ambacho China hukiita Putonghua na ambacho matamshi yake yamejengwa juu ya lahaja ya Beijing, kina toni nne na sauti moja nyepesi isiyo na toni yake. Toni ya kwanza iko juu na haitikisiki. Ya pili inapanda, ya tatu inashuka chini na mara nyingine kuinuka kidogo mwishoni, na ya nne inaanguka kwa kishindo. Silabi ma ikitamkwa kwa toni ya kwanza ni mama, kwa toni ya pili ni katani, kwa ya tatu ni farasi, na kwa ya nne ni kutukana. Ikitamkwa nyepesi mwishoni mwa sentensi, inageuza sentensi hiyo kuwa swali.

Kiswahili nacho hupandisha na kushusha sauti, lakini hufanya hivyo kwa sentensi nzima. “Amekuja” na “Amekuja?” ni neno lilelile, kilichobadilika ni nia ya msemaji. Mtoto aliyezoea hivyo akiuliza kwa Kichina hupandisha sauti mwishoni, na neno la mwisho hugeuka kuwa neno jingine. Lakini kuna watoto wengi wa Afrika Mashariki na Kongo ambao masikio yao yameshazoea toni nyumbani, kwa kuwa Kigikuyu, Kihaya, Kichaga, Kinyarwanda, Kirundi, Lingala na Dholuo zote hutumia toni kutofautisha maneno au maumbo yake. Kiswahili ni kati ya lugha chache za Kibantu zilizoachana na jambo hilo. Mwalimu anayejua lugha ya nyumbani ya mwanafunzi wake anaweza kuanzia hapo.

Kwa watoto wa Kichina wenyewe toni si mzigo. Mwanaisimu Zhao Yuanren, aliyeandika mwaka 1951 kuhusu maongezi ya mjukuu wake wa miezi 28, aliona kwamba toni zilikuwa zimekaa sawa wakati konsonanti nyingi bado zinayumba. Utafiti wa Zhu Hua na Barbara Dodd uliochapishwa mwaka 2000, ukihusisha watoto 129 wa Beijing, ulithibitisha mpangilio huo: toni huja kwanza, irabu na sauti za mwisho wa silabi hufuata, na konsonanti za mwanzo wa silabi huchelewa kuliko zote. Toni mbili zinazochanganywa zaidi ni ya pili na ya tatu.

Mpangilio huu una fundisho kubwa kwa mwalimu, na kwa bahati mbaya ndio unaopuuzwa mara nyingi. Darasani, mwalimu husahihisha konsonanti kwa bidii na kuachia toni kwa ahadi kwamba zitarekebishwa baadaye. Hazirekebishwi. Mtoto aliyekariri neno bila toni yake amekariri nusu neno, na kuibandika hiyo nusu ya pili baada ya miaka miwili ni kazi nzito kuliko kujifunza neno jipya. Afadhali mtoto mwenye konsonanti ya zh iliyolegea na toni iliyonyooka, Mchina atamwelewa. Mwenye zh safi na toni mbovu atatazamwa tu.

Mama wa Kichina hufanya jambo moja bila kufundishwa na mtu: akisema na mtoto mchanga, hukuza toni. Ile ya juu huwa juu zaidi, inayoanguka huanguka kutoka mbali zaidi, na silabi hurefushwa. Pia hurudia silabi. Gǒu, mbwa, huwa gǒugou. Chē, gari, huwa chēche. Fàn, chakula, huwa fànfan. Silabi ya pili hutamkwa nyepesi, hivyo sikio la mtoto hubaki na toni ya ile ya kwanza. Walimu wa lugha ya pili wanaoona aibu kusema kitoto mbele ya wanafunzi wa miaka minne wanajinyima nyenzo nzuri.

Kuhusu konsonanti, mtego mkubwa wa wageni ni b na p. Katika Kichina tofauti ya sauti hizi haiko kwenye mtetemo wa koo bali kwenye pumzi: zote mbili ni p, ila moja hutoka kavu na nyingine hutoka na pumzi. Wazee wa Mombasa na Lamu wanaijua tofauti hiyo vizuri. Katika Kimvita na Kiamu, paa la nyumba hutamkwa bila pumzi na paa wa porini hutamkwa na pumzi, na mtu akiweka kiganja mbele ya mdomo ataihisi. Bàba ya Kichina ina p ya paa la nyumba. Hali ni hiyohiyo kwa d na t, na kwa g na k. Mtoto wa Bara asiye na pumzi hizi anaweza kuzipata kwa mchezo: kipande cha karatasi nyepesi hushikwa mbele ya midomo, na kwa pà kinaruka, kwa bà kinatulia. Watoto huupenda mchezo huu, na sauti hukaa.

Baada ya watu huja vitendo. Tardif, katika kazi zake za awali kuanzia mwaka 1996, alionyesha kwamba watoto wa Beijing hupata vitenzi mapema na kwa wingi, tofauti na watoto wa Kiingereza ambao huanza kwa kujaza mdomo majina ya vitu. Kichina kinarahisisha jambo hilo. Kitenzi hakibebi kiambishi cha mtu wala cha wakati, na kinaweza kusimama peke yake kikawa sentensi kamili: yào, nataka, bú yào, sitaki, bào, nipakate. Mtoto wa Kiswahili hana budi kubeba ni-, a-, -na-, -li- ndani ya neno moja, lakini mwenzake wa Kichina husema silabi moja tu na kueleweka.

Na vitenzi vyenyewe ni mahususi. Mtoto akipakatwa kifuani ni bào, akielekwa mgongoni ni bēi. Mfuko unaoning'inia mkononi hubebwa kwa tí, gunia begani kwa káng, bakuli la supu ya moto kwa mikono miwili kwa duān, na kushika kitu tu mkononi ni ná. Kuvaa nguo, soksi na viatu ni chuān, lakini kuvaa kofia, miwani au saa ni dài. Orodha kama hii haifai kuandikwa ubaoni. Inafaa kufanywa: mtoto apewe bakuli, aambiwe duān, alibebe hadi mezani, apewe mwanasesere, aambiwe bēi, ajifunge mgongoni kwa kitenge. Mwili ukishajua, neno hufuata.

Majina ya vitu nayo yana sharti lake. Katika Kichina kitu hakihesabiwi bila neno la kipimo kati ya namba na jina. Mtu mmoja ni yí gè rén, paka mmoja ni yì zhī māo, kitabu kimoja ni yì běn shū. Tiáo hutumika kwa vitu virefu vinavyopinda, kama samaki, mto, barabara, kamba na hata suruali. Zhāng kwa vitu vyenye uso bapa, kama karatasi, meza na kitanda. Watoto wa Kichina hutumia gè kwa kila kitu kwa miaka kadhaa na hakuna anayewachapa kwa hilo. Hata hivyo, ni busara kutomfundisha mtoto jina tupu. Akifundishwa yì tiáo yú tangu mwanzo, kipimo na samaki vitakaa pamoja, jinsi mtoto wa Kiswahili anavyosema kitabu hiki na meza hii bila kuwahi kusikia habari za ngeli.

Namba ndiyo zawadi ya Kichina kwa mtoto. Akishajua moja hadi kumi, amemaliza kazi hadi tisini na tisa. Kumi na moja ni shíyī, kumi-moja. Ishirini ni èrshí, mbili-kumi. Ishirini na tatu ni èrshísān. Kiswahili kinaenda sawa hadi kumi na tisa, kisha kinamtaka mtoto akariri ishirini, thelathini, arobaini na hamsini, maneno yaliyotoka Uarabuni na yasiyomwonyesha kwamba ndani yake mna mbili, tatu, nne na tano. Kevin Miller na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba watoto wa China na wa Marekani huhesabu kwa kiwango kimoja hadi kumi, na pengo huanza baada ya hapo, pale Kiingereza kinapoleta maneno yasiyotabirika. Wachina pia huhesabu hadi kumi kwa mkono mmoja: sita huonyeshwa kwa kunyoosha kidole gumba na kidole cha mwisho na kukunja vingine. Ishara hizo humpa mtoto kitu cha kufanya wakati mdomo unatafuta sauti.

Swali linalowasumbua wazazi wengi ni kama video zinatosha. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, waliwakutanisha watoto wa Kimarekani wa miezi tisa na wasemaji wa Kichina kwa vipindi 12. Msemaji aliwasomea, akacheza nao, akawaonyesha vitu. Mwishoni watoto hao waliweza kutofautisha sauti mbili za Kichina ambazo Kiingereza hakina, kwa kiwango cha watoto waliozaliwa Taiwan. Kundi jingine lilipewa maneno yaleyale na wasemaji walewale, lakini kupitia televisheni. Halikujifunza chochote. Sauti zilikuwa zilezile. Kilichokosekana ni mtu wa kumtazama mtoto machoni na kumjibu. Kwa familia ya Nairobi au Dar es Salaam isiyo na msemaji wa Kichina karibu, hili ni neno gumu, lakini ni la kweli: dakika ishirini na mtu hai mara mbili kwa wiki zina uzito kuliko saa nyingi za katuni.

Nyimbo nazo zinahitaji uangalifu. Watoto wa Kichina wanauimba wimbo maarufu wa chui milia wawili, kwa mahadhi ya wimbo wa Kifaransa wa Frère Jacques, na hufurahi. Lakini muziki unapopanda na kushuka unafuata mahadhi yake, na toni za maneno humezwa. Wimbo hufundisha msamiati na mapigo, haufundishi toni. Kwa toni, mashairi mafupi ya watoto yanayosemwa bila kuimbwa, ambayo China inayo kwa mamia, yanafaa zaidi. Mwalimu makini huimba, kisha husema maneno yaleyale kwa sauti ya kawaida, na watoto hurudia.

Maandishi yafuate baadaye. China yenyewe imebishana kwa karne nyingi ni lini na kwa njia gani mtoto aoneshwe hanzi, yaani alama za maandishi ya Kichina. Zamani watoto walianza na vitabu vitatu. Kimoja kina mistari ya maneno matatumatatu na huhusishwa na Wang Yinglin wa enzi ya Song. Cha pili ni orodha ya majina ya koo. Cha tatu kilitungwa na Zhou Xingsi katika karne ya 6 kwa kutumia alama 1,000. Mtoto alikariri kwa sauti bila kuelezwa maana, na maelezo yalikuja miaka ikishapita. Katika karne ya 19 mwanazuoni Wang Yun (1784–1854) alipinga mtindo huo. Alishauri kuanza na alama nyepesi zinazofanana na umbo la kitu: mtoto akifundishwa alama ya jua aoneshwe jua lenyewe juu angani. Alitaka pia mtoto ajue alama nyingi kwanza, kiasi cha 2,000, kabla ya kupewa vitabu vya kusoma.

Mwaka 1958 serikali ya China ilipitisha pinyin, mfumo wa kuandika matamshi kwa herufi za Kilatini. Zhou Youguang, mmoja wa waliouandaa, aliishi hadi mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 111. Taiwan iliendelea na zhuyin, yenye alama 37 zisizo za Kilatini. Kwa miongo mingi mtoto wa China bara alianza darasa la kwanza kwa wiki kadhaa za pinyin tupu. Kitabu cha kiada kilichoanza kutumika mwaka 2017 kiligeuza utaratibu: ukurasa wa somo la kwanza una alama sita tu, za anga, ardhi, mtu, wewe, mimi na yeye, na pinyin hufuata karibu mwezi mmoja baadaye. Walimu waliotaka mtoto akutane na hanzi kwanza walishinda.

Kwa mtoto wa Kiswahili pinyin ina hatari ya pekee, kwa sababu anazijua herufi zake na atazisoma Kiswahili. Herufi c ya pinyin ni ts yenye pumzi, q inakaribia ch, x inakaribia sh nyembamba, na b, kama ilivyoelezwa, si b. Mtoto aliyekwisha kuzijua sauti kwa sikio hatadanganywa na herufi. Aliyeanza na herufi atadanganywa kwa miaka mingi.

Hanzi za mwanzo zinaweza kuchaguliwa zenye mistari michache: rén, mtu, mistari miwili, kǒu, mdomo, mitatu, shān, mlima, mitatu, mù, mti, minne. Hata hizo zina kanuni. Kǒu 口 ni mraba, na mtoto aliyeachiwa atauchora kwa kuzungusha kalamu. Mwalimu humfundisha kushusha upande wa kushoto, kisha kuchora juu na kulia kwa mkupuo mmoja bila kuinua kalamu, kisha kuufunga chini. Daftari lake lina miraba iliyogawanywa kwa msalaba katikati, ili ajue kila mstari unakaa wapi. Baadaye huona jinsi alama zinavyoungana. Miti miwili ni kichaka, mitatu ni msitu. Mama, 妈, ina alama ya mwanamke kushoto na alama ya farasi, 马, kulia; farasi huyo hana kazi nyingine isipokuwa kusema “hutamkwa ma”. Hanzi nyingi zimejengwa namna hii, upande mmoja ukigusia maana na mwingine sauti, na mtoto anayejua neno kwa mdomo ndiye anayefaidika na kidokezo hicho.

Kusoma na kuandika haviendi kwa mwendo mmoja. Mtaala wa China unamtaka mtoto anayemaliza darasa la pili atambue alama zipatazo 1,600 na aweze kuandika 800. Akimaliza shule ya msingi atambue 3,000 na kuandika 2,500. Jicho limeruhusiwa kutangulia mkono. Chini ya umri wa miaka sita hata jicho halilazimishwi: mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilizikataza shule za chekechea kufundisha pinyin, hanzi na hesabu kwa mtindo wa shule ya msingi, na sheria ya elimu ya awali iliyoanza kutumika Juni 2025 imeweka katazo hilo ndani ya sheria. Wazazi wengi wa mijini bado huwapeleka watoto kwenye masomo ya ziada kwa siri, wakihofia kwamba watachelewa.

Afrika Mashariki hofu hiyo haina msingi. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, ya kwanza barani, na mwaka 2019 Kenya ilitangaza nia ya kukiingiza Kichina kuanzia gredi ya nne. Mtoto wa umri huo, takriban miaka kumi, anasoma tayari kwa lugha mbili na anavutwa kwenye kitabu kuliko kwenye mazungumzo. Vipindi vyake vya mwanzo vingestahili kuwa vya mdomo mtupu, hata kama mtihani unataka maandishi, kwa sababu umri wa kuzisikia toni kwa wepesi unapita na umri wa kujifunza kuandika haupiti.

Huko China, hatua ya maneno ya kwanza huishia kwenye kamusi. Katika muhula wa pili wa darasa la kwanza mtoto hufundishwa kutafuta neno ndani ya Xinhua Zidian, kamusi ndogo iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1953, kwa kufuata pinyin. Darasa la pili huitafuta alama asiyojua matamshi yake kwa kipande chake cha maana na idadi ya mistari iliyobaki. Tangu hapo anaweza kujiongezea maneno bila kungoja mtu amtajie.